Mathias Mnyampala: Mtunzi wa Ihumwa Aliyewapa Maelfu Maneno ya Kusema

Tarehe 18 Novemba mwaka 1917, katika kijiji cha Muntundya kilichokuwa chini ya mtemi wa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, alizaliwa mtoto wa kiume katika mwaka ambao wazee wa Ugogo hawakuwa na haja ya kuutaja kwa tarakimu, kwa kuwa walikwisha kuupa jina la msiba wake. Ulikuwa mwanzo wa Mtunya. Majeshi ya Wadachi, yaani Wajerumani, yalipokuwa yakirudi nyuma katika Vita Kuu ya Kwanza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Majeshi ya Waingereza yaliyowafuata yakachukua yaliyosalia. Kisha mvua, ambayo katika uwanda huu wa kati ni haba hata katika miaka ya neema, ikakatika. Na katika muda wa miaka mitatu, hadi kufika mwaka 1920, watu wapatao 30,000 katika 150,000 waliokuwa wakiishi Ugogo walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa, yaani mtu mmoja katika kila watano.

Mathias Eugen Mnyampala, kwa kuwa huyo ndiye mtoto aliyenusurika, alikuja kuwa mwalimu, karani, mtu wa mahakama, mwandishi wa historia ya Wagogo na mshairi mashuhuri wa taifa, na kila moja ya kazi hizo ingetosha kuujaza ukurasa huu. Lakini mimi, ninayeandika nikiwa Miyuji, kaskazini ya mji ule ule alimofia, nimekusudia kumweleza kwa sifa moja ambayo naiona haijapewa haki yake. Alikuwa mtunzi wa maneno ya kusemwa na watu wengine. Mashairi mengi husomwa na mtu mmoja kwa macho yake, au hughaniwa na mghani mmoja mbele ya hadhira. Ya Mnyampala, yale aliyoyatunga katika miaka yake ya mwisho, yaligawiwa watu wawili, watatu au kumi, kila mmoja na beti zake, kila mmoja na hoja yake, wakasimama mbele ya umati wakayatenda kwa mikono, kwa nyuso na kwa mavazi. Katika nchi ambayo wakati ule haikuwa na kiwanda cha sinema cha kwake, hiyo ndiyo kazi iliyokuwa karibu kabisa na kazi ya mtu anayewaandikia wachezaji wa filamu maneno yao.

Kazi ya namna hiyo ina dhiki yake, nayo ni kwamba anayesema hukumbukwa na aliyeandika husahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilipopiga filamu za Kiswahili katika Tanganyika, mchezaji wake mkuu alikuwa mtumishi kijana wa serikali aliyeitwa Rashidi Kawawa, na jina lililobaki katika kumbukumbu za watu juu ya filamu ya Muhogo Mchungu ya mwaka 1952 ni la huyo Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Ndivyo ilivyo ada ya sinema. Sura iliyoonekana kwenye kitambaa cheupe huondoka na mtazamaji hadi nyumbani kwake, na aliyekesha akipima neno gani liwekwe wapi hana sura ya kukumbukwa.

Huko Marekani, ambako sinema ilikuwa biashara ya mamilioni ya dola, dhiki hiyo ilifika mahali pa ajabu. Dalton Trumbo, mzaliwa wa Colorado mwaka 1905, alikuwa miongoni mwa waandishi wa filamu waliolipwa ijara kubwa kabisa Hollywood. Mwaka 1947 akaitwa mbele ya kamati ya Bunge la nchi yake kuulizwa juu ya ukomunisti, akakataa kujibu, makampuni yakapatana mwaka huo huo kutompa kazi mtu wa namna yake, na mwaka 1950 akafungwa. Akaendelea kuandika kwa siri. Filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953 ilipata tuzo ya Oscar kwa kisa alichokibuni yeye, na tuzo hiyo ikapewa jina la rafiki yake, Ian McLellan Hunter, aliyejitolea kumkinga. Mwaka 1957 ikatangazwa tuzo nyingine kwa mtu aliyeitwa Robert Rich, ambaye hakujitokeza kuipokea, kwa kuwa nyuma ya jina hilo alikuwako Trumbo mwenyewe. Hadi mwaka 1960, jina lake liliporudishwa hadharani katika filamu za Spartacus na Exodus, watu wa dunia nzima walikuwa wakicheka na kulia kwa maneno ya mtu ambaye jina lake lilikuwa haramu kutajwa.

Mnyampala hakufichwa na mtu yeyote. Jina lake lilichapwa wazi juu ya majalada ya vitabu vyake, na viongozi wa nchi walimjua. Hata hivyo, ukiwauliza leo watu waliosimama uwanjani utotoni mwao wakajibizana kwa beti mbele ya mgeni wa heshima, wengi watakutajia mwalimu wao, watakutajia mwenzao aliyesahau beti katikati, hata rangi ya nguo waliyovaa siku hiyo. Na ukiwatajia mtu aliyeiweka sanaa hiyo katika vitabu na kuifikisha shuleni mwao, watakuuliza ni nani.

Wako watu ambao hadi leo hustaajabu kwamba Mgogo, mtu wa nchi ya mtama na uwele, aliyekulia mbali na mnazi na jahazi, aliweza kuishika bahari ya ushairi wa pwani hata akahesabiwa miongoni mwa mabingwa wake. Mshangao huo hauna msingi kwa anayeijua historia ya nchi hii. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata katikati ya Ugogo, na watemi wa Kigogo walikuwa wakiwatoza hongo wasafiri wote waliotaka maji na njia, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kikisemwa visimani na katika mabaraza ya kupatania hongo kabla reli ya kati haijafika Dodoma mwaka 1910. Serikali ya Wadachi ilikifanya lugha ya maofisi. Wamisionari wakakifanya lugha ya darasa na ya kanisa. Mtoto wa Ihumwa aliyeingia shule baada ya hapo alikikuta kimekwisha mtangulia.

Alisomeshwa katika shule za misheni ya Kikatoliki, imani aliyoishika maisha yake yote, akawa mwalimu, kisha akauacha ualimu akaingia katika utumishi wa serikali, akipitia ukarani na kazi za mabaraza ya hukumu hadi akakikalia mwenyewe kiti cha hakimu. Nataka tukae kidogo katika baraza hilo, maana naamini ndimo alimojifunza sanaa yake kuliko alivyojifunza katika kitabu chochote.

Baraza la zamani la wenyeji lilikuwa na utaratibu ambao hata mtoto aliyechungulia dirishani aliufahamu. Mdai husimama akaeleza shauri lake lote bila kukatizwa: ng'ombe wangapi wa mahari walitolewa, wangapi waliletwa wakiwa na ugonjwa, binti alirudi kwao mwezi gani. Mdaiwa naye hupewa zamu yake, na akiwa mtu mwenye ufasaha anaweza kuligeuza baraza zima likamwonea huruma, hata wale waliokuja wakiwa wamekwisha mhukumu mioyoni mwao. Karani huandika ya huyu, huandika na ya yule. Hakimu haruhusiwi kutoa hukumu kwa kusikia upande mmoja, hata kama ukweli anaujua tangu asubuhi, kwa kuwa watu wa baraza hawataipokea hukumu ambayo hawakuisikia ikizaliwa kutokana na maneno ya pande zote mbili. Mtu aliyekaa miaka mingi akiandika na kusikiliza namna hiyo hujua siri ambayo waandishi wengi wa maonyesho huitafuta bila ya kuipata: kwamba anayeshindwa katika shauri lazima awe na maneno mazuri, au ushindi wa mwenzake hautakuwa na thamani.

Kitabu chake cha kwanza kilichomtangaza kilikuwa cha nathari. Historia, Mila na Desturi za Wagogo kilitolewa mwaka 1954 na East African Literature Bureau, shirika ambalo serikali za kikoloni za Afrika ya Mashariki ziliunda kwa ajili ya kuchapa vitabu vya wenyeji, nacho kilieleza jinsi koo za Wagogo zilivyotoka pande mbalimbali, Uhehe, Ukaguru, Unyamwezi na kwingineko, zikakutana katika uwanda huu zikawa watu wamoja kwa lugha, kwa mifugo na kwa kuvumilia ukame. Fikra hiyo, kwamba taifa linaweza kufanyika na watu waliotoka mbali mbali, aliichukua kutoka katika masimulizi ya wazee wa kwao miaka saba kabla ya Uhuru. Wanahistoria hawakuacha kukirejea kitabu hicho, na mwaka 1995 Gregory Maddox, Mmarekani aliyefanya utafiti mkubwa juu ya njaa ya Mtunya, alikitoa kwa Kiingereza, kikasomwa na watu wasiopata kufika Dodoma.

Baada ya hapo zilifuata kazi nyingi, ambazo sitazipitia zote. Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili kilitoka mwaka 1961, Diwani ya Mnyampala mwaka 1963, Waadhi wa Ushairi mwaka 1965. Iliyo karibu zaidi na moyo wangu ni Utenzi wa Enjili Takatifu, uliochapwa mwaka 1963 na wamisionari wa Ndanda, na alioufuatishia utenzi wa Zaburi. Utenzi, kama ajuavyo msomaji, ni umbo lililolelewa na masheikh na masharifu wa Lamu, Pate na Mombasa kwa ajili ya kusimulia maisha ya Mtume na vita vya Uislamu wa awali: mishororo minne mifupi ya mizani nane, mitatu ikilingana vina, na wa nne ukifunga kwa kina kimoja kinachorudi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mkatoliki huyu wa Ugogo akaliazima umbo hilo kwa taadhima, akamwagia humo Injili nzima, wala haonekani popote kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake. Mambo kama hayo yalifanyika katika nchi yetu bila ya tangazo wala sherehe, na watoto wetu wanastahili kuyasikia.

Urafiki wake ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Zama zile washairi walijuana kwanza kwa majibizano ya magazetini, mtu wa Tanga akimtupia fumbo mtu wa Kigoma na mtu wa Dodoma akalifumbua, kabla hawajaonana uso kwa uso. Miongoni mwao alikuwamo Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwislamu wa madhehebu ya Ahmadiyya, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga mashairi kiliwekwa kando ya kitanda na washairi wa bara na pwani. Mnyampala alikuja kuandika historia ya maisha ya sheikh huyo. Mshairi Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, Amri Abedi akamfuata mwaka 1964, na mzigo wa kuwaongoza washairi ukawaangukia waliobaki. Chama chao kiliitwa kwa kifupi UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na Mnyampala alikuwa mwenyekiti wake.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa mizani na ambaye mwaka 1963 alikuwa amekwisha kuitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, hakuhitaji kuelezwa nguvu ya ushairi. Aliwataka washairi wa nchi watumie sanaa yao kuifikisha maana ya Azimio kwa watu. Wengi waliitika kwa mashairi ya kusifu, na hawana lawama, kwa kuwa kusifu ni kazi ya kale ya ushairi. Mnyampala aliitika kwa ngonjera, ndiyo mashairi yale ya kugawiana beti, na naona alikuwa ameelewa jambo ambalo wengine hawakulipa uzito: kwamba siasa mpya haina budi kuulizwa maswali, na kwamba mkulima asiyesikia swali lake likiulizwa mbele ya watu hataamini kuwa amejibiwa.

Umbo lenyewe ni hili. Ubeti aghalabu una mishororo minne. Kila mshororo umekatwa katikati, mizani nane huku na nane huku. Vina vya kati vinafuatana na vya mwisho vinafuatana hadi kwenye kituo. Msemaji wa kwanza huingia akiwa mtu asiyejua au asiyekubali: ndiye anayeuliza ni kwa nini aliache shamba la babu yake akalime pamoja na majirani, au mtu mzima mwenye wajukuu atakaaje darasani kujifunza herufi. Hupewa beti zake akaisema shaka yake yote kwa vina safi. Wa pili hujibu, naye hana mizani hata moja zaidi ya mwenzake. Wa kwanza hurudi na shaka nyingine. Mwenzake hujibu tena. Na mwishowe hupatana, mara nyingi wakaufunga ubeti wa mwisho kwa sauti moja. Msomaji atakuwa amekwisha kuliona baraza humo ndani: mdai, mdaiwa, zamu zilizo sawa, na hukumu ambayo kila aliyehudhuria ameisikia ikijengwa.

Tena ngonjera zilitungwa zihifadhiwe moyoni na zitendwe, zisisomwe juu ya karatasi kama risala. Huku Miyuji, miaka iliyopita, shule ilipotazamia mgeni ungewakuta watoto wa darasa la tano na la sita uwanjani jua likiwa bado kali, mwalimu kasimama kivulini na daftari lake. Mpingaji amevaa koti la mtu mzima linalomfika magotini, mikono imemezwa na mikono ya koti, na fimbo ya mchungaji ameipitisha mabegani kama wafanyavyo wachungaji wetu, viganja vikining'inia juu yake. Mwenziwe ana jembe lililopakwa chokaa mpini. Mtoto akiangusha silabi moja, mshororo huchechemea mdomoni mwake kabla mwalimu hajafumbua kinywa. Husimama, hurudi nyuma, huhesabu kwa vidole vya mkono uliofichika ndani ya koti, kisha hulirusha neno mahali pake na wenzake wakacheka kwa furaha. Nimelitazama jambo hilo mara nyingi, nami nashuhudia kwamba mizani na vina, ambavyo vijana wengine wa vyuo huviita minyororo, ndivyo vilivyomwezesha mtunzi wa 1968 kukabidhi maneno yake kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mchezaji wa Hollywood alikuwa na karatasi ya kurejea kila asubuhi. Mwanakijiji wa Hombolo au Mvumi alikuwa na kina cha mwisho cha mshororo kikimvuta kwenda katika mshororo unaofuata.

Mnyampala hakuishi kuyaona mavuno. Alifariki mjini Dodoma tarehe 8 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51, na Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, kikatolewa na Oxford University Press mwaka 1970, cha pili mwaka 1971. Vikawa vitabu vya shule. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mashuleni somo la siasa lilikuwa likitafuta zana za kufundishia. Vitabu viwili vidogo vya marehemu vikajikuta vikitumika toka Bukoba hadi Mtwara. Walimu waliojua kutunga wakatunga za kwao kwa kuvifuata. Umbo hilo likavuka mpaka, na leo watoto wa Kenya hufundishwa ngonjera darasani katika somo la ushairi wa Kiswahili.

Lakini mwaka huo huo wa 1971, kitabu cha pili kilipokuwa kikitoka mtamboni, huku kwetu ilikuwa ikiendeshwa Oparesheni Dodoma. Familia za Kigogo zilizokuwa zikiishi katika matembe yaliyotawanyika, kila moja karibu na shamba lake na malisho yake, zilihamishiwa katika vijiji. Mwalimu mwenyewe alipiga kambi Chamwino kushiriki kazi ya ujenzi. Yako mema yaliyopatikana, shule na zahanati na visima, na asiyeyakiri si mkweli. Yako pia maswali ambayo mfugaji wa Ugogo alikuwa nayo na ambayo yalikuwa ya haki: ng'ombe wa kaya mia mbili watalishwa wapi wakikusanywa mahali pamoja, samadi itafikaje shamba lililoachwa nyuma, na mvua ikikatika kama ilivyokatika katika Mtunya, nani atakuwa na akiba iliyofichwa mbali na macho ya wachukuaji? Katika ngonjera maswali hayo yangepewa beti zao kamili. Katika oparesheni hayakupewa. Ninaposoma tarehe hizo mbili zikiwa bega kwa bega moyo huniuma, kwa kuwa mtu aliyeijua nchi hii kwa koo zake na kwa mabonde yake, aliyeaminiwa na serikali na aliyejua kumpa mpingaji maneno mazuri, alikuwa kaburini miaka miwili.

Wahakiki wa sanaa za maonyesho hawakuihurumia ngonjera, na sehemu ya lawama zao naikubali. Walisema kwamba ni majibizano yaliyosimama mahali pamoja, hayana tendo wala kisa. Kwamba mpingaji huingia jukwaani akiwa amekwisha kushindwa. Kwamba sanaa imefanywa tarishi wa siasa. Mwaka ule ule aliofariki Mnyampala ndio ulioona kuchapwa kwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ambayo shujaa wake anavutwa huku na huko na shaka zake mwenyewe, na kwa kizazi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapakuwa na haja ya kuuliza ni njia ipi iliyokwenda mbali zaidi. Amandina Lihamba aliandika tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1985 juu ya siasa na maonyesho katika Tanzania baada ya Azimio, na yeyote atakaye kuupima uzito wa zama hizo hana budi kupitia kazi yake.

Ninachokikataa ni kumpa mwanzilishi hatia ya wafuasi. Ngonjera tunazozisikia sasa, zile za kumkaribisha mgeni rasmi na kumsomea matatizo ya madawati, zimeacha karibu zote nusu ya sheria yake: mpingaji ameondolewa. Watoto kumi husimama mstari mmoja na wote wanasema jambo lile lile kwa zamu, huyu akisifu barabara, yule akisifu maji. Vina vimebaki, shauri limetoweka. Mnyampala alikuwa mtu wa Azimio kwa moyo wake wote, aliyeyatafuta maelewano kati ya ujamaa na Maandiko Matakatifu akaandika juu yake, na kila ngonjera aliyoitunga ilijua tangu mwanzo itakapofikia. Hata hivyo hakumnyima zamu mtu wa upande wa pili. Hakimu aliyemo ndani yake hakumruhusu.

Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilikaa katika hati za mkono zaidi ya miaka 40 baada ya kufa kwake, hadi ilipochapwa mwaka 2013 kwa juhudi za mtafiti Mfaransa, Mathieu Roy, aliyeandika tasnifu kubwa mjini Paris juu ya ushairi wa Mnyampala na ujenzi wa taifa. Namshukuru mtu huyo kwa dhati. Wakati huo huo naona haya kwamba kitabu cha maisha ya mwana wa Ihumwa kilihitaji kuvuka bahari mbili ili kifike mtamboni, ilhali Ihumwa yenyewe leo ni jirani wa Mji wa Serikali wa Mtumba, na magari ya mawaziri hupita kila siku karibu na mahali alipozaliwa.

Ombi langu ni dogo, nalielekeza kwa walimu wa Miyuji, wa Ihumwa na wa mkoa mzima wa Dodoma, ambao hawahitaji kibali cha mtu kulitekeleza. Kabla watoto hawajaanza kujibizana, mmoja wao atangulie mbele ya mgeni amtaje Mathias Mnyampala kwa jina lake kamili na mwaka aliozaliwa. Kisha katika beti arudishwe yule mtoto mwenye koti refu na fimbo mabegani, apewe zamu yake yote, aulize jambo ambalo wazazi wake wanaliuliza kweli nyumbani, na mgeni wa heshima, awe diwani au waziri, akae akilisikiliza mpaka kituo.